Mrejesho: miezi mitatu bila supamaketi, nanunua Tandale, Mabibo na Feri

Wakuu habari za Jumapili. Leo sina simu wala gari la kusifia, naleta mrejesho wa masoko tu, haya haya ya hapa Dar tunayopita tukiwa tumebana pua, Tandale kwa nafaka, Mabibo kwa ndizi na mbogamboga na Feri kwa samaki. Miezi mitatu karibu chakula chote cha nyumba kimetoka huko. Risiti sina (nani anakupa risiti ya mchicha) ila nina daftari, kila shilingi imeandikwa mpaka jero ya kubebewa mzigo.

Nyumbani tuko watano, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi, tunakaa Sinza. Mtindo wetu zamani mshahara ukitoka tunaingia supamaketi tunajaza toroli kama watu wanaojiandaa na vita, halafu katikati ya mwezi unga na mchele tunachukua dukani kwa Mangi kilo kilo, mboga gengeni pale kona. Ukijumlisha yote ilikuwa inakimbilia 620,000 kwa mwezi, na ikifika tarehe 22 hivi tunaanza wali kwa maharage ya kopo mara chai na mkate, yani hela imeisha na hatujala cha maana. Sasa mwaka huu mama akaenda kliniki, presha juu, daktari akamwambia chumvi apunguze, mafuta apunguze, mboga za majani na matunda kwa wingi. Mi nikajua tumekwisha. Kichwani kwangu chakula cha afya kilikuwa kile cha rafu ya mwisho kule supamaketi, nafaka ya boksi, brokoli imefungwa nailoni, epo za Afrika Kusini zinang'aa kama zimepakwa kiwi. Na nikaenda kweli, nikanunua, 87,000 mfuko mmoja niliobeba kwa kidole. Siku ya pili brokoli ya njano, nikairudisha, dada wa kaunta ananiambia mboga hairudishwi kaka. Supamaketi gani siitaji, sikuja kugombana na mtu.

Kilichonifumbua macho ni hesabu moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Sisi watano (watoto nimewahesabu kama wakubwa maana kwenye maembe wanakula kama popo) ni kilo 2 kwa siku, kilo 14 kwa wiki. Hebu kanunue kilo 14 za matunda na mboga pale kwenye kiyoyozi kila wiki halafu uniambie ada ya shule utalipa na nini. Ndo nikaamua sokoni.

Mwezi wa kwanza nilitumia 655,000.

Ndiyo, umesoma vizuri, ilipanda. Na hapa ndo sehemu ambayo watu wanaosema "nenda soko la jumla uokoe hela" huwa hawakwambii. Nilifika soko moja la jumla (silitaji, na sio kati ya haya matatu) nimevaa kadeti na shati la ofisini, saa moja asubuhi, kila mtu bosi, bosi, bosi karibu. Nikaona tenga la nyanya 28,000. Gengeni fungu la nyanya nne ni buku, nikapiga hesabu ya harakaharaka nikaona hapa nimeokota, nikalipa. Juu zimepangwa nyanya nzuri mpaka unatamani kuzipiga picha. Nyumbani namwaga kwenye beseni, safu mbili za juu safi, za katikati zimeiva zaidi, za chini zile ambazo ukizishika kidole kinaingia. Na hata hizo nzima, jamani, watu watano wanakula nyanya kiasi gani? Siku ya nne jikoni kuna nzi wadogo wale, siku ya sita mke wangu ananiangalia tu hasemi kitu, na mkinijua mnajua hiyo ni mbaya kuliko kusema. Nusu ya tenga ilienda kwa kuku wa jirani. Wiki ile ile nilishanunua kabichi sita kwa sababu ukichukua sita bei inashuka. Kabichi sita!

Kwa hiyo nyanya niliyoiona rahisi ilinigharimu mara mbili, maana ile niliyotupa nayo nilishailipia. Nikataka kuacha nirudi kwa Mangi. Aliyetuokoa ni mama, akauliza tu taratibu, "Kwani hapa uani mnaishi wangapi?"

Uani tuko familia tatu. Sisi, baba mmoja dereva na familia yake, na dada mhasibu anakaa na mdogo wake. Tukafungua grupu la wasapu, Ijumaa jioni kila mtu anaandika anachotaka, anatuma hela kwa simu, Jumamosi mmoja anaenda, wiki ijayo mwingine. Mzigo unagawanywa pale barazani juu ya mkeka, tumechanga tukanunua mzani mdogo, maana mwanzoni tulikuwa tunagawa kwa macho na kwenye hoho ilikuwa nusura watu wanuniane. Sasa sheria ni moja, anayegawa mafungu anachagua wa mwisho. Hujawahi kuona mtu anagawa karoti kwa haki kama mtu anayejua fungu baya litabaki lake. Tenga lile lile la nyanya likigawanywa na familia tatu linaisha kabla ya kuoza, na zile laini siku hiyo hiyo zinapondwa zinachemshwa bila mafuta mpaka maji yakauke, zinaingia kwenye vikopo kwenye friza. Tangu tumeanza hivyo sijatupa nyanya hata moja, na sisemi kwa kujisifu, ni kwamba sitaki kuangaliwa tena vile.

Haya tuje kwenye masoko yenyewe.

TANDALE. Kwa nafaka na jamii ya kunde mi nawapa tano kwa tano. Kutoka Sinza ni karibu, bajaji tu unakatiza huko kwa Mtogole umefika. Mchele upo wa Kyela, wa Kahama, wa Morogoro, kila gunia limefunguliwa mdomo, unatia mkono, unanusa, unatafuna punje mbili. Kitu ambacho sikuwa najua ni chenga, ule mchele uliovunjikavunjika, bei inashuka vizuri kabisa na chakula ni kile kile, kwa uji wa watoto, vitumbua na ubwabwa wa nazi hutaona tofauti, kwa pilau la wageni ndo usijaribu.

Ila kilichofanya niwe mteja wa kudumu ni mama mmoja muuza maharage, mtu mzima, rika la mama yangu. Siku ya kwanza nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaonyesha gunia la 2,300 kwa kilo nikasema nipe kilo kumi. Akaniuliza, "Unapikia nini, gesi au mkaa?" Nikasema gesi. Akachota mkononi, akanionyesha, "Haya ni ya msimu uliopita, yamekauka mpaka roho, utachemsha kutwa na yatabaki na ugumu wake. Chukua hayo ya njano, 3,000, ni mapya, ukilaza kwenye maji usiku, asubuhi unachemsha lisaa limoja tu yameiva." Mi na ujuaji wangu nikahisi ananiuzia ghali, nikachukua kilo mbili mbili za kila aina nikajaribu. Jamani. Yale ya 2,300 yalikaa jikoni zaidi ya masaa matatu, mke akaongeza maji mpaka akachoka, na mtungi wa gesi uliisha wiki moja kabla ya siku zake. Tofauti ya mia saba kwa kilo nilikuwa nimeilipa kwenye gesi na chenji hakuna. Tangu hapo nikienda namwambia tu mama nipe unayokula wewe.

Na maharage yenyewe sasa tunachemsha mara moja kwa wiki, sufuria kubwa, yamelazwa usiku kucha na yale maji yanamwagwa (tumbo pia linatulia), halafu yanagawanywa kwenye mifuko kwenye friza, kila siku unatoa mfuko unaunga. Kuna watu wanatia magadi ili yaive haraka, kwa mtu wa presha usifanye hivyo, magadi ni sodiamu ile ile unayoikimbia kwenye chumvi, na vitamini nyingine za maharage yanaziharibu. Hili mama aliambiwa kliniki na kwa miaka yote tulikuwa tunatia kijiko kizima. Na vile vidonge vya kuungia mchuzi, soma nyuma ya pakiti, chumvi ndo ya kwanza. Daktari anasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai hicho, cha siku nzima, pamoja na iliyo kwenye mkate. Tumeviacha vidonge, tunaweka kitunguu saumu, tangawizi, ndimu mwishoni kabisa sufuria ikishashuka. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama cha hospitali sitawadanganya, watoto waligoma, baada ya hapo ulimi ukazoea na sasa nikila hotelini naona kama nimekunywa maji ya bahari.

Unga nao. Tunanunua mahindi, tunachambua, tunapeleka mashine, dona. Sembe ule mweupe umeondolewa ganda na kiini, ndo maana unakaa dukani muda mrefu, dona lina mafuta ya kiini chake kwa hiyo ukisaga kiroba kizima mwezi wa pili unaanza uchungu. Saga kilo tano tano. Na hapa kuna kitu kimoja hakina mchezo, mahindi au karanga zenye ukungu, zilizosinyaa, zenye rangi rangi, hata ukipewa bure acha. Sumukuvu, yani sumu ya huo ukungu, haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu, sio hadithi za kutisha watoto. Karanga za bei ya kutupa huwa nazipita na macho mbele.

Ubaya wa Tandale: njia nyembamba, mikokoteni haina breki na wenye mikokoteni hawana muda na wewe, ukisikia "mgongo, mgongo!" ruka kwanza utauliza baadaye. Masika vaa ndala au buti, viatu vya ngozi baki navyo nyumbani. Na kipimo, popote pale uendapo sio huko tu, sema kilo. Sado ni kopo la rangi lile, sawa limezoeleka, ila kuna masado yamebonyezwa kitako kuingia ndani, ukijaza juu linafanya kilima unafurahi kumbe chini kuna kilima kingine kimegeukia kwako. Mimi sasa nabeba mzani wangu wa kuning'iniza, mdogo unaenea mfukoni. Kuna wauzaji wanacheka, wengine wananuna, anayenuna siendi tena.

MABIBO. Hapa ni Mahakama ya Ndizi, jina linajieleza. Ukifika alfajiri malori yanashusha mikungu, za Bukoba, za Moshi, za Mbeya, vijana wanapita na mkungu begani kama wamebeba mtoto. Ukiwa na watu wa kugawana nao chukua mkungu, ukiwa peke yako kuna wanaouza kwa chane, bei inakuwa juu kidogo lakini bado nusu ya gengeni. Somo langu: usichukue ndizi kisukari zilizoiva zote kwa pamoja, chukua chane moja ya leo, moja ina ukijani shingoni, moja mbichi kabisa, zitaiva kwa foleni. Ndizi mbichi za kupika zimetuondolea wali siku tatu kwa wiki, mtori wa mama na nyama robo tu unalisha watu watano na bado kuna kiporo.

Mbogamboga za kudumu ndo nachukua huku, vitunguu, karoti, hoho, bilinganya, nyanya chungu, kabichi (moja! kabichi MOJA), viazi vitamu, maboga. Boga limesahaulika mno mjini. Zima, halijakatwa, linakaa hata mwezi juu ya kabati, halihitaji friji, watoto wanakula kama keki asubuhi na chai, na mbegu zake mama anakaanga bila mafuta anatafuna jioni badala ya zile krispi. Nyanya bei yake fuata mvua, masika zikinyesha sana mashambani bei inaruka, ndo vile vikopo vya kwenye friza vinafanya kazi. Na matunda ni msimu tu ndugu zangu, hamna siri nyingine. Machungwa ya Muheza yakijaa katikati ya mwaka kula machungwa, mananasi ya Kiwangwa na maembe yakija mwisho wa mwaka kula hayo. Papai na ndizi zipo mwaka mzima. Epo la buku na mia mbili moja, limekuja kwa meli, na chungwa sita kwa buku limekuja kwa lori kutoka Tanga, vitamini C chungwa linamzidi mbali, sasa mimi nani anibishie.

Ubaya wa Mabibo ni muda. Ukifika saa nne jua limeshawaka, umati, bei ya wachuuzi imeshakuwa ya rejareja. Wiki ya dada mhasibu alichelewa kuamka tukala bei ya saa tano, kwenye grupu aliomba msamaha kwa stika nne.

Mchicha, matembele, chainizi, majani ya maboga, kisamvu, hivi sinunui sokoni. Hapa nawatetea wamama wa genge. Majani yanataka kuliwa siku ile ile, ukienda kuyarundika Jumamosi, Jumanne ni takataka, na mama wa kona pale kwetu analetewa asubuhi yana umande, fungu mia tatu, mawili yanatosha kwa chakula cha usiku. Tofauti ya mia kwa fungu na sokoni haifikii nauli. Halafu saa kumi na mbili jioni akiwa anataka kufunga anakuongeza. Chemsha kidogo (kisamvu tu ndo kitwangwe na kichemshwe sana), kamulia ndimu, ile ndimu inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo, na chai ya rangi subiri kwanza usinywe juu ya chakula hapo hapo, chai inazuia. Kwa wamama wajawazito na watoto hiyo sio ya kupuuza.

FERI. Nimeiacha mwisho maana ndo ninayoipenda na ndo iliyonitesa. Pale Kivukoni samaki wanauzwa kwa mnada asubuhi, ndoo au fungu linawekwa, mtu anapaza bei, wachuuzi wanapandisha kwa kunyanyua nyusi tu, mi nilisimama siku ya kwanza nikajikuna kichwa nikaogopa nimenunua. Usiingie mnadani kama hujui, kaa pembeni nunua kwa wachuuzi waliotoka kununua, utaongeza kidogo lakini utalala salama. Nguru na kolekole ni wazuri ila bei zao za watu wa harusi. Sisi ni vibua. Kibua ana mafuta mazuri ya samaki, nyama ngumu kiasi chake, na ni wa bei ya mtu wa kawaida. Angalia jicho, liwe limetuna linang'aa, sio limezama na ukungu, na shavu ukilifunua ndani pawe pekundu. Pale pale kuna vijana wa kuparua, unampa hela kidogo anakutolea magamba na matumbo dakika tano, unarudi nyumbani hujanuka mikono. Beba ndoo yenye kifuniko na barafu, tafadhali, watu wa daladala wana haki zao.

Ratiba ya Feri haiko kwenye kalenda ya ofisini, iko juu angani na kwenye upepo. Kusi likivuma bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki adimu bei juu. Kaskazi bahari imetulia, neema. Na dagaa ni usiku wa giza, wavuvi wanawavuta kwa taa, sasa mbalamwezi ikiwaka taa haina maana, dagaa wanapungua. Nilikuwa siyajui haya, nikaenda wiki ya mwezi mpevu nikarudi na ndoo tupu na hasira. Mzee mmoja mvuvi akaniambia, "Mjomba, kabla ya kuja siku nyingine toka nje usiku uangalie juu."

Dagaa wakavu kwa hiyo tunanunua wakati wa giza tunaweka. Wa Kigoma watamu ila kwa kilo moja yao unapata karibu kilo tatu za wa Mwanza, kwa mboga ya kila wiki wa Mwanza wanatosha, kazi ni mchanga tu. Wanaanikwa chini wengine, kwa hiyo usipowaosha vizuri utatafuna ufukwe. Dawa: toa vichwa, maji ya vuguvugu, wavuruge uwaache dakika mbili mchanga ushuke, watoe kwa mkono kwa juu, USIMWAGE kama unachuja mchele maana mchanga utarudi nao, rudia mara tatu. Kisha wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, ndo uwaunge na nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Wanaliwa na mifupa yake hivyo kalsiamu yote unaipata, kwa mama mtu mzima na watoto wanaoota meno huwezi kuwanunulia kitu bora kwa hela hiyo. Samaki wa ng'onda hapana kwetu, chumvi tupu.

Nyama sasa ni Jumapili na siku ya mtori basi. Mayai trei moja kwa wiki mbili. Kuku akija mgeni. Watoto walilalamika kuhusu soseji mpaka walipozoea makande ya nazi, na siku hizi wanagombea ukoko wake.

Hesabu za daftari: mwezi wa kwanza nilishawaambia aibu yangu, 655,000. Mwezi wa pili baada ya grupu, 508,000. Mwezi wa tatu 441,000, na humo ndani kuna bajaji, wabeba mizigo, kuparua samaki na gesi yote, maana mtu anayekwambia ameokoa halafu nauli hajaihesabu anakudanganya au anajidanganya. Supamaketi bado naingia, kwa mafuta ya alizeti yakiwa na ofa, maziwa ya watoto na dawa ya meno, naingia na karatasi, natoka. Mama alirudi kliniki presha imeshuka kiasi, dawa anaendelea nazo kama kawaida, hakuna aliyemwambia aache na wewe usiache zako kwa sababu umesoma habari za matembele hapa.

Nyota: Tandale 5, Mabibo 4 (muda), Feri 4 ikiwa giza, 2 ikiwa mbalamwezi. Genge la kona 5 kwa majani, 2 kwa vingine. Kama unaishi peke yako chumba kimoja na huna friji wala jirani wa kugawana naye, kusema ukweli usihangaike na soko la jumla, nunua nafaka tu huko na vingine malizana na mama wa kona. Na kama ni kuelekea mwezi wa Ramadhani, mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi na tende vinapanda, nunua vya kukaa mapema.

Maswali ulizeni hapo chini nitajibu, ila Jumamosi asubuhi msinitafute, ni zamu ya dereva kwenda sokoni. Mi nalala, na nimeshamwandikia kwa herufi kubwa, kabichi moja.